City Park bado haijakufa: vile bustani ya kitambo hufufuliwa, na mbona uache kulisha kima njugu

Sema ukweli, msee wangu. Mara ya mwisho ulifika City Park, ulienda kufanya nini? Kama wewe ni mtu wa Nai wa kawaida, jibu ni moja kati ya haya matatu: mathe alikupeleka ukiwa mtoi, ulikuwa na deti na ganji haikutosha kuenda mbali, ama ulifuata picha na kima. Ukanunua njugu, kima akakupandia begani, picha ikatoka fiti, ukaposti, ukahepa. Hadi wa leo hujarudi.

Shida ya bustani za mjini inaanzia hapo. Bustani ikikosa watu, kuna majamaa huanza kuiangalia kwa jicho la ploti. Na ikipata watu wasiojua wako mahali gani, inakufa polepole huku imejaa. City Park imepitia zote mbili. Kwa hivyo leo tunakupa risto nzima: kuna nini pale ndani, ilichoka vipi, na kazi ya kuifufua huendaje. Mwisho utajua kazi yako ni gani, juu kazi unayo.

Kwanza, kuna nini pale?

City Park iko Parklands, kando ya Limuru Road. Ukitoka Ngara ni mguu tu. Ukubwa wake ni karibu hekta 60, yaani zaidi ya viwanja 80 vya mpira vikipangwa pamoja. Cheki hiyo mitaa ilivyo saa hii, kila kona kuna ghorofa inapanda, ndio uelewe hiyo ardhi ni mob kiasi gani.

Ndani kuna vitu viwili tofauti, na hapa ndipo wasee wengi huchanganya.

Cha kwanza ni msitu wa asili. Kabla ya reli kufika Nairobi mwaka wa 1899, misitu ya aina hii ilifunika upande wa juu, kutoka maeneo ya Parklands kuelekea Limuru. Karura ni kipande kilichobaki. City Park ni kingine, tena kiko ndani ya mji kabisa. Miti ya misitu hii ni ile shosh anaijua kwa jina: mukinduri, muhugu, muthiga. Muhugu ndio mti ambao wachongaji wa vinyago wameutegemea miaka nenda rudi. Muthiga ndio ule gome lake linawasha kama pilipili, na watu hulitafuna wakibanwa na homa ama meno yakiwasumbua. Hii miti hakuna kanjo aliyeipanda. Ilikuwa hapo mji ukiwa bado haujazaliwa.

Cha pili ni bustani ya kupandwa. Hii ni ya enzi za mkoloni: nyasi za kukaa, maua, njia za kutembea, ua wa miti uliokatwa kama fumbo la kupotelea ndani, na mkusanyiko wa mimea unaoitwa bustani ya Boscawen. Hapa kila kitu kiliwekwa na mtu, na kikikosa mtu wa kukitunza, kinaharibika mbio sana.

Halafu kuna makaburi. Pale City Park ndipo amelala Pio Gama Pinto, mwanahabari na mpigania uhuru aliyepigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands tarehe 24 Februari 1965, akiwa na miaka 37. Karibu naye amelala Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka wa 1966 kisha akajiuzulu mwaka huo huo. Murumbi aliaga 1990, na alitaka azikwe karibu na beshte yake Pinto. Mkewe Sheila amelala kando yake.

Kama jina Murumbi halikuambii kitu, kumbuka hivi: ile Archives hapo tao ambapo kila mtu husema "tupatane Archives", ndani kuna ukumbi uliojaa sanaa za Kiafrika alizokusanya huyo mzee. Umesimama nje yake mara ngapi ukingoja mtu aliyechelewa?

Mwaka wa 2009 City Park ilitangazwa rasmi kuwa mnara wa kitaifa, chini ya sheria ya makavazi na turathi. Maana yake ni kwamba kisheria huwezi tu kuamka asubuhi ukaanza kujenga pale.

Ilichokaje sasa?

Hakuna siku moja ambayo bustani hufa. Huwa ni vitu vidogo vinafuatana. Bomba la maji linapasuka na halirekebishwi. Choo kinafungwa. Taa zinaungua. Askari wa doria wanapungua. Mama aliyekuwa anakuja na watoto Jumapili anasikia kuna msee ameibiwa simu, anaamua kukaa kwake. Sasa watu wazuri wakipungua, wabaya wanapata nafasi zaidi, na hiyo inafukuza hata wale wachache waliobaki.

Hapo ndipo wenye njaa ya ardhi hutokea. Wanaambia watu, "Si hii ni pori tu? Si hapa hujificha wezi?" Hiyo lugha ilitumika sana miaka ya tisini, na si City Park peke yake iliumia. Vipande vya bustani hii viliishia kwa watu binafsi, na vita vya kuvirudisha vikaenda hadi kortini. Unyakuzi wa ardhi ya umma Kenya hii ulikuwa mkubwa hadi serikali ikaunda tume, na ripoti yake, ile ya Ndung'u ya mwaka 2004, bado inatajwa hadi leo.

Tushawahi kuona hii sinema kwingine. Mwaka wa 1989 kulikuwa na plani ya kuweka jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akakataa, akaandika barua kila mahali, akatukanwa hadi bungeni, lakini jengo halikusimama. Januari 1999, yeye na wenzake walipigwa wakijaribu kupanda mti Karura, msitu uliokuwa umegawiwa masonko. Leo unaenda Karura kuendesha baiskeli na kupiga picha kwa maporomoko ya maji juu kuna mtu alikubali kupasuliwa kichwa. Na ile Forest Road inayopita karibu na City Park, saa hii inaitwa barabara ya Profesa Wangari Maathai. Ukiipita na mathree, kumbuka.

Kufufua si kufyeka

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Wasee wengi wakisikia bustani inafufuliwa wanafikiria panga, slasha na lori la saruji. Fyeka vichaka vyote, panda nyasi, paka mawe rangi nyeupe, weka kibao cha mheshimiwa. Kwa ile sehemu ya kupandwa, sawa, kupogoa na kukata nyasi ni lazima. Lakini ukipeleka hiyo akili ndani ya msitu, umeumaliza.

Msitu mzuri unakaa mchafu. Ule mti uliokufa ukaanguka ni nyumba ya wadudu na uyoga, na wale wadudu ndio chakula cha gogota na ndege wengine. Majani yaliyooza chini ndio mbolea, na ndio yanafanya udongo unywe maji kama sponji. Vichaka vifupi ndimo ndege wadogo hujificha. Na ule mche mwembamba uliofyeka ukidhani ni gugu ndio ungekuwa muhugu wa wajukuu wako. Muhugu hukua polepole sana. Ukikata mmoja leo, wewe mwenyewe hutauona ukirudi.

Kwa hivyo kazi ya kwanza msituni ni kuchagua kinachotoka na kinachobaki. Kinachotoka ni mimea vamizi. Mkubwa wao ni lantana, ule mmea wa maua ya rangi rangi na majani ya kukwaruza, ambao ulitoka Amerika ukaletwa kama pambo la bustani. Unakua umeshikana kama ukuta, jua halifiki chini, na miche ya miti yetu inakufa ikiwa midogo. Ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu kila mahali, kwa hivyo kila mwaka unasonga.

Ukifyeka lantana juu juu tu, inarudi na hasira. Inabidi ung'oe na mizizi. Halafu urudi baada ya mvua ung'oe ile iliyoota tena, na mwaka unaofuata urudi. Ndio maana zile siku za kupanda miti ambazo watu huja na fulana za kufanana, wakapiga picha wakaenda, hazifufui msitu. Kinachoufufua ni yule mtu anarudi mwezi wa sita wakati hakuna kamera.

Ukishaondoa vamizi, kuna jambo tamu: mara nyingi huhitaji kupanda sana. Mbegu ziko chini tayari, na zingine huletwa na wanyama. Kima anakula tunda hapa, anaangusha mbegu kule. Hondohondo na shorobo wanafanya hivyo hivyo. Kama hujawahi kumwona shorobo, ni ndege wa kijani na buluu, ametulia kwenye matawi utadhani ni jani. Akiruka tu, mabawa yanafunguka yakiwa mekundu kabisa. Ule wekundu unatokana na rangi yenye madini ya shaba ndani yake. Ndege mwenye shaba kwenye mabawa, hapa Parklands, na wewe uko kwenye simu.

Kazi nyingine ni njia. Kila mtu akikata njia yake ya mkato, udongo unagandamizwa unakuwa mgumu kama lami. Maji hayaingii, miche haioti. Dawa yake ni njia chache, nzuri, zinazoeleweka, ndio watu wapite hapo na msitu uliobaki upumue.

Na hii ya udongo usiichukulie poa. Unakumbuka mafuriko ya 2024, vile Mathare ilisombwa? Msitu mmoja hauwezi kuzuia mvua kama ile. Lakini kila hekta ya msitu inakunywa maji ambayo lami na mabati yangeyasukuma yote kwa mto kwa wakati mmoja. Ukigeuza City Park kuwa maegesho ya magari, hayo maji yataenda mahali, na unajua huwa hayaendi Muthaiga.

Haya, tuongee kuhusu kima

Najua hii itauma. Wale kima ndio nyota wa City Park. Lakini zile njugu, ndizi na vibanzi unawapea zinawaharibu, na tukueleze mbona.

Kima wa msituni hula matunda, majani, maua na wadudu. Anazunguka siku nzima kuvitafuta, na katika huo mzunguko anapanda msitu vile tumesema. Ukimpea njugu getini, hana haja ya kuzunguka. Anakaa hapo hapo anangoja mgeni. Mbegu hazisambai. Kundi linarundikana mahali pamoja, wanapigana, na wakubwa wanawaumiza wadogo. Na chakula cha bure kikiwa kingi, wanazaana kuliko vile msitu unaweza kulisha, halafu wanavuka kuingia kwa makeja ya watu kuiba.

La pili ni magonjwa. Kima ni jamaa yetu wa karibu kimwili, kwa hivyo homa zetu zinaweza kumfikia na zake kutufikia. Akikukwaruza ama akikuuma, hiyo ni hospitali mara moja kwa sababu ya kichaa cha wanyama. Hata kama ni kidonda kidogo, osha na sabuni na maji mengi, kisha uende uonwe na daktari.

La tatu ni tabia. Kima aliyezoea kulishwa huanza kunyang'anya. Anajua sauti ya karatasi ya krispi. Akishamkwaruza mtoto wa mtu, mwisho wa hiyo story kawaida si mzuri kwa kima. Wewe ulipata picha, yeye akapata adhabu.

Kwa hivyo tunauliza hivi: na yule mama anauza njugu pale nje, afanye nini? Hilo ni swali halali. Kumfukuza na kanjo si jibu. Njugu zake zinunue, uzile wewe mwenyewe. Na bustani inayofufuliwa vizuri humpea kibanda chake rasmi, auze chai, mandazi na matunda kwa watu. Bustani yenye wateja wengi itamlipa kuliko kima.

Bila watu, hakuna bustani

Tumeongea miti na wanyama, lakini City Park haiwezi kusimama bila binadamu, na binadamu wana mahitaji yao. Choo kinachofanya kazi. Maji ya kunywa. Benchi. Njia ambayo mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kupita. Askari anayejulikana. Vichaka vilivyo kando ya njia kuu vikatwe ndio mwanamke anayetembea peke yake aone mbele na nyuma. Kama dada yako hawezi kukaa pale na kitabu saa kumi jioni bila wasiwasi, hiyo bustani haijafufuka, hata ikiwa na ndege mia.

Mifano ya kuigwa tunayo. Karura ilikuwa mahali pa kuogopwa kabisa. Wakaazi wakaungana na Kenya Forest Service, wakaweka ua, na vijana wa mitaa jirani kama Huruma wakapata kazi ya kuwa walinzi wa msitu. Yule kijana aliyekuwa akikata kuni sasa alikuwa analinda mti. Usalama ukarudi, watu wakarudi, hadi mbega weusi na weupe wakaletwa kuishi tena pale.

Ukivuka hadi Zanzibar, Forodhani ilikuwa imechoka pia. Ikakarabatiwa na kufunguliwa tena 2009 na Aga Khan Trust for Culture, na wale wachoma mishkaki na wauza urojo bado wapo jioni. Shirika hilo hilo lilitengeneza bustani ya Al-Azhar kule Cairo juu ya mahali ambapo taka zilirundikwa kwa karne nyingi, na City Park nayo walishaichorea mpango. Lakini mpango kwenye karatasi hauna mizizi. Unataka pesa, kaunti inayotaka, na watu wanaouliza kila mwaka umefika wapi.

Halafu kuna somo chungu, na liko hapo karibu na Globe. Michuki Park ilikuwa jalala na gereji kando ya mto Nairobi. Mwaka wa 2008 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, akasukuma usafi wa mto na pale pakapendeza. Michuki akaaga 2012, bustani ikabaki na jina lake, na baada ya muda gereji na taka zikarudi. Ikabidi ifufuliwe tena 2020. Bustani moja, kufufuliwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza ilimtegemea mtu mmoja.

Na kuna hatari ya upande mwingine. Unaweza kuweka ua, geti la kung'aa na ada ya juu, msitu ukapona vizuri, lakini mtoi wa Mathare akabaki nje akichungulia. Yeye ndiye hana kiwanja, hana uwanja wa nyuma ya nyumba, na anaishi karibu kiasi cha kutembea. Bustani ya umma ikimfungia yeye, itakuwa imenyakuliwa kwa njia ya heshima tu.

Sasa wewe ufanye nini?

Nenda. Hiyo ndiyo ya kwanza. Wikendi moja kwa mwezi, na mbogi yako, mchana. Bustani inayotumika ni ngumu kunyakua, juu kila mtu ataona seng'enge ikianza kuwekwa.

Ukienda, chakula cha kima kiache nyumbani na chako kifungie ndani ya mfuko. Taka yako rudi nayo. Pita kwa njia. Tafuta kaburi la Pinto na la Murumbi, simama hapo dakika mbili.

Kama unataka kuingia ndani zaidi, kuna kikundi cha kujitolea kinaitwa Friends of City Park, chini ya Nature Kenya. Nature Kenya pia huwa na matembezi ya kuangalia ndege Jumatano asubuhi, yanaanzia pale makavazi ya kitaifa. Huhitaji kujua jina la ndege hata mmoja, utafunzwa.

Na ukiona ishara za ujenzi ndani ya bustani, mawe ya mipaka yasiyoeleweka, ama lori linamwaga kokoto, piga picha na uulize hadharani: nani ameruhusu? Kwa idhini gani? Kaunti ina barua pepe, mwakilishi wadi ana ofisi, na makavazi yana jukumu la kulinda mnara wa kitaifa. Maathai alianza na barua tu.

Pinto, mpigania uhuru, aliuawa mwaka wa 1965. Leo amelala kwenye mojawapo ya vipande vichache vya ardhi ya Nairobi ambavyo ni vyako bila hati ya kumiliki. Jumamosi pitia pale umsalimie. Njugu kula mwenyewe.